Aliyejenga Mji Ili Awanunue Wanawe

Ni rahisi kusema kwamba utu hauna bei. Tunalisema neno hilo misibani na harusini, na hatukosei. Lakini wamekuwapo watu waliolazimika kuitaja bei hiyo kwa tarakimu, kuiandika kwenye karatasi, na kuitafuta dola kwa dola mpaka ikatimia. Mmoja wao alikuwa Mmarekani mweusi aliyejulikana kwa jina la Free Frank. Maisha yake yamenishughulisha zaidi ya maisha ya mfalme au jemadari yeyote niliyewahi kuwasimulia wanafunzi wangu katika miaka yangu ya kufundisha historia.

Habari zake nilizipata katika kitabu cha mwanahistoria Juliet Walker kilichotoka mwaka 1983. Mama huyo ni kilembwe cha Frank mwenyewe. Alizipekua hati za ardhi, za mahakama na za ukoo, akamtoa babu yake mavumbini akiwa mzima, na deni na stakabadhi zake mkononi. Nasema hivi kwa sababu Frank hakujua kusoma wala kuandika, na hakutuachia barua hata moja. Alichotuachia ni nyayo zake katika ofisi za serikali: kila aliponunua na kila alipouza, karani aliandika.

Alizaliwa mwaka 1777 katika South Carolina. Mama yake, Juda, alikuwa mtumwa aliyeletwa kutoka Afrika ya Magharibi. Baba yake, kama inavyoaminika, alikuwa yule yule bwana aliyemmiliki mama yake, Mzungu aliyeitwa George McWhorter. Kwa hiyo mtoto alizaliwa mali ya baba yake. Mwaka 1795, Frank akiwa kijana wa miaka 18 hivi, bwana wake alihamia Kentucky, na Kentucky ya siku zile ilikuwa ukingo wa nchi ya walowezi: misitu ya kukatwa, vibanda vya magogo na vijia vya kwenda kwa miguu. Miaka minne baadaye Frank akaoana na Lucy, mtumwa wa bwana mwingine wa jirani. Ndoa yao haikutambuliwa na sheria yoyote. Watoto waliowapata hawakuwa wake wala wa Lucy. Walikuwa wa bwana wa Lucy, kama ndama anavyokuwa wa mwenye ng'ombe jike.

Baadaye McWhorter alihamia Tennessee, akamwachia Frank kazi ya kulisimamia shamba la Kentucky. Hapo ndipo ulipofunguka mlango mwembamba. Frank aliruhusiwa kujikodisha. Maana yake ni kwamba saa zilizobaki baada ya kazi za shamba angeweza kwenda kuwafanyia wengine kazi kwa ujira, mradi bwana wake apate fungu lake, na kilichosalia kiwe cha Frank.

Sisi wa pwani ya Afrika Mashariki hatuna haki ya kuushangaa mpango huo kana kwamba ni jambo la ng'ambo tu. Neno letu la kila siku, kibarua, lina historia hiyo hiyo tumboni mwake. Ni barua ndogo, kile kikaratasi alichopewa mtu wa kazi ya kutwa. Na katika miji ya Unguja na Mombasa ya karne ya 19, wengi wa waliobeba mizigo na kujenga nyumba kwa kutwa walikuwa watumwa waliotumwa mjini na mabwana zao, nao jioni walirudi na ujira wakaugawa. Nilipokuwa nikiwaeleza wanafunzi wangu asili ya neno hilo walikuwa wakicheka kwanza, halafu wakanyamaza.

Frank hakutosheka na ujira wa kutwa. Katika mapango ya Kentucky mlikuwa na udongo wenye shura, ile chumvi inayochanganywa na makaa na kiberiti kufanya baruti. Udongo huchimbwa, ukatiwa katika mapipa ya mbao, ukamiminiwa maji. Maji yakichuruzika hutiwa majivu, kisha huchemshwa mpaka chumvi igande. Ni kazi ya moshi na mgongo. Mwaka 1812 Marekani na Uingereza zikaingia vitani, baruti ikatakiwa kila mahali, na bei ya shura ikapanda. Mtumwa Frank, akiwa bado mali ya mtu, akawa mwenye kiwanda chake cha shura. Mchana alilima shamba la bwana, na usiku na siku za mapumziko alichemsha chumvi yake mwenyewe.

Sasa, msomaji, nakuomba utulie hapa kidogo, maana hapa ndipo anapoanza kunifundisha. Vita vilikwisha mwaka 1815. Mwaka 1817 Frank alikuwa amekwisha kuweka dola 800. Angeweza kujikomboa yeye mwenyewe kwanza, na watu wengi wangemwona kuwa amefanya la busara: mwanamume huru atafanya kazi kwa uhuru zaidi, atachuma upesi zaidi, kisha atarudi kumchukua mkewe. Frank hakufanya hivyo. Alimnunua Lucy. Yeye akabaki mtumwa, mkewe akawa huru.

Sababu yake haikuwa mapenzi peke yake, ingawa mapenzi yalikuwapo. Ilikuwa pia hesabu. Sheria ya nchi ilisema mtoto hufuata hali ya mama yake. Mama akiwa mtumwa, mtoto ni mtumwa, hata kama baba yake ni gavana. Mama akiwa huru, mtoto huzaliwa huru. Lucy alikuwa mjamzito. Mwaka ule ule akamzaa mwana, wakamwita Squire, naye alikuwa mtoto wao wa kwanza asiyekuwa mali ya mtu. Kwa dola zile 800 Frank alikuwa amenunua watu wawili, na wote ambao wangezaliwa baadaye. Asiyejua kusoma alikuwa ameisoma sheria kuliko mawakili.

Baada ya miaka miwili, mwaka 1819, aliwalipa warithi wa bwana wake dola 800 nyingine, akawa huru naye. Alikuwa na umri wa miaka 42. Katika sensa ya mwaka 1820 karani alimwandika "Free Frank", yaani Frank aliye huru. Kwetu tungemwita Frank Mwungwana. Hakuwa na jina la ukoo. Hali yake ndiyo iliyokuwa jina lake.

Ili tuelewe dola 800 zilikuwa kitu gani, tutazame bei ya kitu kingine cha nyakati zile. Serikali ya Marekani iliwauzia walowezi ardhi ya serikali kwa dola moja na robo kwa ekari tangu mwaka 1820. Kwa bei hiyo, dola 800 ni ekari 640, yaani maili nzima ya mraba. Mzungu wa Kentucky mwenye dola 800 mkononi angevuka mto akawa mwinyi. Frank alizitoa mara mbili, na mwishoni alikuwa na kipande cha karatasi kinachosema kwamba mkewe ni mkewe na yeye ni yeye.

Aliendelea. Alinunua ardhi Kentucky, akalima, akaendelea na shura. Lakini watoto wake wakubwa walikuwa bado utumwani. Mwaka 1826 mmoja wao, Frank mdogo, alitoroka akakimbilia Kanada. Alikuwa huru kule ugenini, lakini asingeweza kurudi kwa baba yake, kwa kuwa aliyetoroka alikamatwa popote alipoonekana. Mwaka 1829 baba yake akamfungulia njia ya kurudi. Alikitoa kiwanda chake cha shura, chote, kwa bwana wa kijana, akapewa hati ya uhuru wa mwanawe. Kiwanda kilichomnunua mama na baba kilikwenda kwa mtoto mmoja.

Siku hizi neno ujasiriamali liko midomoni mwa kila mtu. Vijana hukusanywa katika kumbi wakafundishwa kwamba mtaji hukua kwa kurudishwa katika biashara, na kwamba anayekula mtaji wake ni mpumbavu. Kwa kipimo cha kumbi zile, Frank alikuwa mfanyabiashara wa ajabu. Kila biashara yake ilipokua mpaka ikafika kimo cha mtu, aliikata. Haikuruhusiwa kunenepa. Alikuwa na kipaji cha kuchuma ambacho kingemfanya tajiri katika nchi yoyote, na alikitumia kwa miaka 40 kurudi mahali pale pale alipoanzia, mikono mitupu, ila mezani ameongezeka mtu mmoja.

Mwaka 1830 aliuza alichonacho Kentucky, akamchukua Lucy, Frank mdogo na wale watoto waliozaliwa huru, wakapanda gari la kukokotwa kuelekea Illinois. Walipisha majira ya baridi njiani, na katika masika ya mwaka 1831 wakafika katika wilaya ya Pike, mahali palipokuja kuitwa Hadley, nchi ya nyasi ndefu iliyo kati ya mito Illinois na Mississippi. Hapakuwa na mlowezi mwingine aliyewatangulia pale. Ardhi yenyewe, ekari 160, Frank alikuwa ameinunua bila kuiona.

Illinois ilikuwa jimbo lisiloruhusu utumwa, lakini tusidhani ya kuwa lilimkaribisha. Sheria yake ilimtaka mtu mweusi aliyehamia huko aonyeshe hati ya uhuru na aweke dhamana ya dola 1,000. Hakuruhusiwa kupiga kura, wala kutoa ushahidi mahakamani dhidi ya Mzungu. Ng'ambo ya Mississippi, si mbali na shamba lake, ilikuwa Missouri, jimbo la watumwa, na wawindaji wa watumwa walivuka mto bila kuuliza sana nani ana hati na nani hana. Mwaka 1837 katika mji wa Alton, kusini zaidi katika jimbo hilo hilo la Illinois, mhariri wa kizungu aitwaye Elijah Lovejoy aliuawa na kundi la watu kwa sababu gazeti lake liliupinga utumwa. Kama mweupe mwenye gazeti aliuawa, mweusi asiye na jina la ukoo alikuwa amesimama juu ya nini?

Na nyuma, Kentucky, walibaki watoto wake wengine na wajukuu. Jambo hili mimi limenisumbua. Mzazi anawezaje kupanda gari na kuondoka, akiwaacha wengine kwenye mashamba ya watu? Nimelifikiri sana, na sioni kwamba aliwatupa. Kentucky palikuwa pakimbana. Illinois palikuwa na udongo mpya na bei mpya. Alikwenda mbali kama anavyokwenda mvuvi: samaki hawaji nyumbani. Na alirudi. Mwaka 1835 alifunga safari ya kurudi Kentucky, akalipa dola 550, akaja na mwanawe Solomon.

Ndipo akaona kwamba ngano, mahindi, ng'ombe na nguruwe haviwezi kuchuma kwa kasi aliyoihitaji. Watoto walikuwa wakikua na kuzaa utumwani, na kila mjukuu aliyezaliwa aliongeza deni. Alikuwa akipanda ngazi ambayo ilikuwa ikirefushwa juu yake. Basi mwaka 1836, akiwa na umri wa miaka 59, alifanya jambo ambalo hakuna Mwafrika wa Marekani anayejulikana kulifanya kabla yake kisheria: alipima mji. Ekari 42 za ardhi yake ziligawanywa viwanja 144, na mitaa na vichochoro vikachorwa kwenye ramani iliyoandikishwa kwa karani wa wilaya. Mji aliuita Philadelphia, baadaye New Philadelphia.

Miaka ile ilikuwa ya wazimu wa viwanja katika Illinois. Kila mwenye shamba aliota mji. Watu walichora miji kwenye karatasi, wakawauzia watu wa mbali viwanja ambavyo ni tope au kichaka, kisha wakatoweka. Mwaka 1837 mabenki yakaanguka, na mingi ya miji hiyo ikafa kabla ya kujengwa kibanda. Mji wa Frank haukufa. Sababu moja ni kwamba mwenyewe alikuwa akiishi hapo hapo, akilima kando ya viwanja vyake, na mnunuzi aliweza kumwona uso. Sababu ya pili ni kwamba hakuwa na haraka ya tapeli. Aliuza kidogo kidogo, mwaka hata mwaka, kwa fundi viatu, kwa mhunzi, kwa seremala, kwa mwenye duka. Wakulima wa jirani walileta mazao yao, wakatengenezewa magurudumu, wakanunua sukari na kitambaa. Posta ikaja. Mji ukawa mji.

Walionunua walikuwa weusi na weupe, na weupe ndio waliokuwa wengi zaidi. Walikaa mitaa ile ile. Katika nchi ambayo sheria yake ilimhesabu mweusi kuwa kitu, Mzungu alikwenda kwa aliyekuwa mtumwa akanunua kwake kiwanja, akapewa hati, akashukuru. Sipendi kulipamba jambo hili kupita kiasi. Majirani si malaika, na ujirani hauondoi sheria mbaya. Lakini nadhani biashara ya haki ina heshima yake ya kimya. Mtu akikuuzia bila kukudanganya, ni vigumu baadaye kuamini kwamba yeye si mtu.

Mwaka 1837 baraza la kutunga sheria la Illinois lilipitisha sheria kwa ajili yake peke yake. Iliwekwa ili awe na jina kamili, aweze kununua na kuuza, kushtaki na kushtakiwa kwa jina hilo. Katika karatasi za ombi lake majirani walieleza kwamba fedha za viwanja alikusudia kuwanunulia wanawe waliokuwa bado watumwa. Basi haikuwa siri. Kila aliyenunua kiwanja alijua fedha yake inakwenda wapi. Jina aliloandikwa ni Frank McWorter, jina la bwana wake wa zamani, aliyekuwa baba yake, likiwa limebadilika herufi kidogo. Wengine wangelikataa. Yeye alilichukua akaliweka kwenye hati za mji wake, na tangu hapo McWorter likawa jina la watu huru.

Wako watakaosema, na wakati ule walisema, kwamba kumlipa mwizi ili akurudishie mali yako ni kumkiri kuwa alikuwa mwenye mali. Mwaka 1846 marafiki wa Kiingereza walipochanga fedha wakamnunulia Frederick Douglass uhuru wake, baadhi ya wapinzani wa utumwa walimlaumu Douglass kwa kukubali. Walisema ameitambua haki ya bwana kumiliki mtu. Douglass hakukubaliana nao. Kwake ile ilikuwa fidia anayolipwa mtekaji, na anayelipa fidia hasemi kwamba utekaji ni halali.

Mimi niko upande wa Douglass na wa Frank, na nitasema kwa nini. Msimamo ni kitu kizuri, lakini mara nyingi gharama ya msimamo wangu hulipwa na mwingine. Kama Frank angesema, "Sitatoa hata senti kwa mwizi," yeye angebaki safi, na Sally, binti yake, angebaki shambani kwa mtu. Mwaka 1843 alimnunua Sally. Anayemfundisha baba huyo kwamba alikosea, kwanza aende akamweleze Sally.

Naona ni haki nieleze kwa nini mtu wa Illinois amenikaa moyoni hivi. Baba yangu alikuwa na duka katika soko dogo la huku kwetu, nyuma ya pwani. Alikuwa wa kwanza kujenga pale kwa mawe. Wengine wakajenga kwa kumfuata, na siku ya gulio watu walitoka vijiji vya mbali. Alikuwa na mashine ya kusaga mahindi na chumba cha cherehani. Tulikuwa watoto saba. Kisha barabara ya lami ikajengwa, ikapita upande wa pili wa kilima, na gulio likaifuata barabara. Baba alipofariki palikuwa na kuta, mabati yenye kutu na kaunta. Siku ya kuondoa matanga ami yangu mmoja, mtu mwenye heshima zake, alisema mbele ya watu kwamba ndugu yake alifanya kazi miaka 40 na hakuacha kitu.

Hakuna aliyemjibu, maana kwetu mzee hajibiwi msibani. Lakini ndugu zangu wadogo walilishika neno lile. Ilipokuja habari ya kukigawa kiwanja walizungumza kana kwamba tunagawana aibu: tuuze upesi, tusahau. Nilikuwa na daftari la Baba, lile la madeni na malipo, jalada lake limeshikwa na mafuta ya taa. Nilikuwa nimekisoma kitabu cha Free Frank si muda mrefu kabla ya hapo. Nikakaa na lile daftari usiku mbili, nikapitia ukurasa kwa ukurasa. Mashine ya kusaga iliuzwa Januari, na katika mstari uliofuata ni karo ya dada yetu mkubwa ya chuo cha ualimu. Cherehani mbili ziliuzwa mwaka ambao mimi niliingia kidato cha tano. Shehena ya sukari iliuzwa kwa hasara, na hapo hapo pameandikwa jina la mdogo wetu aliyelazwa hospitali miezi mitatu. Sikuona mahali popote ambapo biashara ilianguka yenyewe. Kila mahali nilikuta imekatwa kwa mkono, na pembeni pameandikwa jina la mmoja wetu.

Siwalinganishi watu wawili hawa. Karo si bei ya mtu, na hakuna aliyekuja usiku kumtafuta baba yangu kwa mbwa. Ninachosema ni kwamba hesabu zao ziliandikwa kwa mtindo mmoja, na anayesoma upande mmoja tu wa daftari ataona hasara. Nilinakili orodha ile kwa mwandiko mzuri, majina saba na vitu vilivyouzwa, nikawapa ndugu zangu kila mmoja nakala yake. Kiwanja tuliuza, maana hapakuwa na sababu ya kukiweka. Lakini hatukukiuza kwa aibu.

Frank McWorter alifariki tarehe 7 Septemba 1854, akiwa na umri wa miaka 77. Wanawe waliokuwa huru walikuwa wamemzunguka, ila kazi ilikuwa haijaisha, kwa kuwa walikuwapo wajukuu waliosalia utumwani. Aliandika wasia kwamba sehemu ya mali yake iuzwe, na fedha hizo ziwanunue. Wanawe waliutekeleza. Mwaka 1857 wa mwisho kati ya wale waliotajwa alikombolewa, miaka 40 tangu siku ile ya Lucy. Jumla yao, pamoja na Lucy na Frank mwenyewe, ni watu 16. Fedha iliyotumika ilikuwa kama dola 14,000. Kwa ile bei ya ardhi ya serikali, hizo ni ekari 11,200. Hilo ndilo shamba ambalo Frank hakulinunua.

Mwaka huo huo wa 1857, katika shauri la Dred Scott, Mahakama Kuu ya Marekani ilitamka kwamba mtu mweusi, awe huru au mtumwa, hawezi kuwa raia wa nchi hiyo. Yaani siku zile zile ambapo majaji wenye elimu zao walikuwa wakiandika kwamba watu wa aina ya Frank si watu wa nchi, mji uliopimwa na Frank ulikuwa na mitaa, maduka na wakazi wa rangi zote mbili, na wasia wake ulikuwa unaendelea kufanya kazi kaburi likiwa tayari na majani.

Lucy aliishi mpaka mwaka 1870, amekaribia umri wa miaka 100. Aliuona utumwa ukifutwa nchi nzima mwaka 1865. Aliiona pia reli. Mwaka 1869 njia ya reli ilipojengwa katika wilaya ile, haikupita New Philadelphia. Ilizunguka upande wa kaskazini, kama maili moja tu, na maili moja ilitosha. Maduka yakafuata stesheni, mafundi wakafuata maduka. Mwaka 1885 sehemu kubwa ya mji ilifutwa katika daftari za serikali, ikarudi kuwa mashamba. Miaka ikapita, nyumba zikabomoka moja moja, jembe likapita juu ya misingi.

Tangu mwanzo wa karne hii wataalamu wa mambo ya kale wamechimba pale, wakakuta misingi ya nyumba, vigae vya sahani, vifungo, misumari, vijidude vya watoto kuchezea. Walichokiona ni kwamba vitu vya majumba ya weusi na vya majumba ya weupe vilifanana. Mwaka 2009 mahali hapo palitangazwa kuwa kumbukumbu ya historia ya taifa, na mwishoni mwa mwaka 2022 pakatiwa katika hifadhi za taifa za Marekani. Anayekwenda kutazama hukuta nyasi na upepo, hakuti mji.

Nimesikia watu wakisikitika kwamba mji ule ulikufa. Mimi sisikitiki sana. Mji una kazi yake, kama lilivyo jembe, na ule ulikwisha kuifanya kabla reli haijachorwa. Viwanja viliuzwa, hati zikaandikwa, fedha ikavuka mito kuelekea Kentucky, na kutoka Kentucky wakaja watu. Watu hao walioa na kuolewa, wakazaa, wakasomesha, na mmoja wa wajukuu zao wa mbali akaingia katika ofisi za wilaya kutafuta jina la babu yake katika vitabu vya ardhi. Alilikuta. Ukitaka kuuona mji wa Frank, watazame watu hao.